Jenga Seva Yako Ukiacha Vyuma Juu

Nitaanza na msimamo wangu ndio tusipotezeane muda. Kama unashuti video, unatengeneza biti, unachora, ama wewe ndiye yule mtu wa familia anayeambiwa kila sherehe "kuja na hiyo simu yako nzuri", unahitaji seva yako mwenyewe kwa nyumba. Si lazima iwe mpya. Si lazima ipendeze. Lakini lazima iwe ya kuongezwa.

Kwa wale neno seva linawatisha: seva ya kuhifadhi ni kompyuta tu yenye diski ndani, imeunganishwa na ruta yako, na kazi yake ni kukuwekea mafaili. Simu yako, laptopu yako na ya mwenzako wa nyumba zote zinaifikia kwa waifai. Hakuna uchawi hapo.

Sasa turudi kwa hilo neno "kuongezwa". Pita Githurai, Mlolongo ama Kitengela, uangalie juu. Utaona nyumba ya ghorofa moja, watu washahamia, nguo zimeanikwa, na kwa paa kuna vyuma vimechomoza vikiangalia mbingu. Mgeni atadhani fundi alitoroka. Sisi tunajua hiyo nyumba haijaachwa, inangoja. Mwenyewe alijenga alichoweza, akahamia, akaacha vyuma ndio siku pesa ikiingia aongeze ghorofa bila kubomoa ya chini.

Hivyo ndivyo watu wa mfuko wetu wanafaa kununua nafasi ya kuhifadhi. Lakini karibu kila video ya mambo haya inaanza na msee wa ng'ambo akifungua maboksi sita ya diski, zote mpya, zote za ukubwa mmoja. Hizo ni ghorofa sita kwa siku moja. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ni kushuti harusi, ruracio, na video za wasanii ambao wengine hulipa kwa ahadi. Sijawahi kuwa na pesa ya diski sita siku moja. Wewe pia pengine huna, na ukweli ni kwamba huhitaji.

KLAUDI NI NYUMBA YA KUPANGA

Sichukii klaudi. Naitumia hadi leo. Lakini tuiite jina lake: ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba akibadilisha masharti, unakubali ama unahama.

Unakumbuka Google Photos ikiwa ya bure bila kikomo? Iliisha tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo picha mpya zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, ambazo pia zinabeba Gmail na Drive yako. Walitoa notisi miezi kabla, na hawakuvunja sheria yoyote. Nyumba ni yao. Mei 2023 wakatangaza lingine: akaunti ya mtu binafsi ikikaa miaka miwili bila kuguswa, inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Sasa fikiria akaunti ya mtu aliyefariki. Nani atakuwa akiingia kila mwaka kuiambia Google huyu mtu bado anakumbukwa?

Halafu kuna kodi yenyewe. Pesa yetu haiji kwa tarehe. Desemba una harusi nne, Februari una sifuri. Ukikosa kulipa wakati umejaza kupita kiwango cha bure, huwezi kupakia kitu kipya, na kwa Google hata barua pepe zinaacha kuingia. Ukikaa umezidi kiwango kwa miaka miwili, wanaweza kufuta. Diski iliyo kwa meza yako haijui tarehe tano. Februari ikikuchapa, inakaa pale na vitu vyako ikingoja Machi na wewe.

Na usidhani mkubwa hapotezi. Mwaka wa 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Kizazi kizima cha wasanii wa mtaani wa huko Marekani kiliweka demo zake za kwanza pale, na wengi hawakuwa na nakala nyingine. Tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi. Wasiokuwa nayo hawakurudi na chochote.

Karibu na kwetu zaidi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti Kenya na kwa majirani ikawa ya kujivuta. Siku hizo faili lililokuwa klaudi lilikuwa ng'ambo ya bahari. Lililokuwa kwa seva ya nyumbani lilikuwa mita tatu kutoka kwa kitanda.

VIDEO MBICHI NI MALI

Wengi wetu hufuta video mbichi baada ya kumpa mteja kazi. Tunafanya hivyo kwa sababu nafasi imejaa na kazi nyingine iko Jumamosi. Naelewa. Lakini sikiliza hii.

Kuna mteja nilimshutia ruracio. Nikampa video ya dakika sita, ikaisha hapo. Karibu miaka miwili baadaye akanipigia. Babake alikuwa ameaga, na kwa hizo dakika sita mzee anaonekana akitabasamu tu, muziki ukiwa juu yake. Akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshajiandaa kuambiwa hapana, kama labda nina kitu ambacho mzee anaongea.

Nilikuwa nayo. Dakika kumi na moja, mzee amesimama na kikombe mkononi, akiambia vijana jinsi yeye mwenyewe alivyopeleka mahari akiwa na mbuzi mmoja mgonjwa. Watu wanacheka. Upepo unapiga maiki. Kwa kazi ya video hiyo ni takataka, ndio maana nilikuwa nimeikata. Kwa ile familia, hiyo ndiyo sauti pekee ya mzee iliyobaki duniani.

Sikuwa nayo kwa sababu mimi ni mtu mzuri. Nilikuwa nayo kwa sababu diski ya pili ilikuwa na nafasi. Nataka ushike hapo, kwa sababu ndipo hoja yangu yote inasimama. Kile tunachoamua kufuta na kile tunachoamua kuweka, mara nyingi hatuamui kwa thamani. Tunaamua kwa nafasi. Mtu mwenye nafasi ndogo hulazimika kujua leo kitakachokuwa na maana baada ya miaka mitano, na hakuna mtu anajua hiyo.

HESABU BILA KUPAKA RANGI

Hivi ndivyo nilivyonunua, kwa awamu. Bei ni za siku nilizonunua, na hupanda na kushuka na dola, kwa hivyo usiende kugombana na mtu Luthuli Avenue ukitaja jina langu.

Awamu ya kwanza: kompyuta ya ofisi ya ex-UK, ile ya kusimama, Core i5 ya kizazi cha sita na RAM ya gigabaiti 8, shilingi 14,000. SSD ndogo ya kuweka mfumo, 1,800. Diski moja iliyotumika ya terabaiti 4, 8,500. Kebo mbili, 500. Jumla 24,800.

Awamu ya pili, miezi mitano baadaye: diski nyingine ya terabaiti 4, 8,500. Sasa tuko 33,300.

Awamu ya tatu: diski ya nje ya USB, terabaiti 2, iliyotumika, 4,500. Jumla kuu 37,800.

Sasa klaudi. Terabaiti 2 za Google kwa bei ya Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi. Ukihesabu dola kwa shilingi 129, miaka mitatu ni kama 46,400. Seva yangu ikiongezewa stima ya miaka mitatu, ambayo nitaieleza hapa chini, inafika kama 45,000.

Umeona? Karibu sawa. Anayekuambia seva ya nyumbani ni bei ya bure kulinganisha na klaudi anakuuzia kitu. Tofauti iko mahali pengine. Kwanza, una terabaiti 4, si 2. Pili, mwaka wa nne klaudi inaanza kuhesabu upya, na wewe unalipa stima tu. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwangu, ulilipa siku ulizokuwa na pesa, na siku usizokuwa nayo hakuna mtu aliyekudai.

Ongeza data. Kazi moja ya harusi kwangu ni kama gigabaiti 200. Kupakia hizo klaudi kwa intaneti ya nyumbani inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 89, yaani siku tatu na nusu na zaidi bila kukatika. Kupeleka kwa seva kwa kebo ya gigabiti ni kama nusu saa, hata kama kifurushi chako kiliisha jana, kwa sababu faili halitoki nje ya nyumba. Angalia tu ruta yako. Nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100, na hapo nusu saa inakuwa karibu saa tano. Bado unalala na kuamka imeisha.

HESABU VYUMA KABLA YA KULIPA

Ukienda dukani utaona zile kompyuta ndogo kama kitabu, zinapendeza, zinakula stima kidogo. Achana nazo kwa kazi hii. Ni nyumba isiyo na vyuma juu. Ukishajaza diski moja ndogo ndani, umefika paa.

Chukua ile ya kusimama, Dell OptiPlex ama HP EliteDesk, na umwambie muuzaji afungue kifuniko kabla hujatoa pesa. Hesabu vitu vinne. Matundu ya SATA kwa mazabodi ni mangapi? Vichwa vya waya za stima za diski ni vingapi? Nafasi za kufunga diski kubwa za inchi 3.5 ni ngapi? Na je, kuna tundu la PCIe lililo wazi? Hilo la mwisho ndilo chuma kirefu kuliko vyote, kwa sababu siku matundu ya SATA yakiisha, unachomeka kadi ya kuongeza mengine bila kubadilisha mashine. Jua pia kwamba mashine hizi nyingi zina pawa saplai ya umbo lao wenyewe, huwezi kuweka yoyote tu. Ukigawanya waya wa stima, nunua kigawanyo kizuri. Vile vya bei ya chupa ya soda vinaweza kushika moto.

Kama hata 14,000 iko mbali, anza na laptopu iliyovunjika kioo na diski ya USB. Laptopu ina faida moja tamu: betri yake. Stima ikipotea, seva yako haizimi ghafla. Ubaya ni kwamba kebo za USB hulegea, na huwezi kuongeza diski nyingi kwa raha. Ni mabati, lakini mabati pia ni nyumba.

Sasa diski zenyewe. Zilizotumika ziko tele, nyingi zimetoka kwa mashine za CCTV. Si mbaya, lakini pima. Beba laptopu, ama omba wakuchomekee, ufungue CrystalDiskInfo. Angalia saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hivyo diski ya saa 35,000 imefanya kazi miaka minne bila kulala. Kisha angalia sekta zilizohamishwa na sekta zinazongoja kuhamishwa. Hapo nataka sifuri. Ikiwa si sifuri, rudisha, hata kama muuzaji anakuita "boss" mara ngapi.

Na saa zenyewe zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025, wanahabari wa teknolojia Ujerumani walifichua diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hesabu ya kawaida ikiwa imerudishwa sifuri. Ilijulikana kwa sababu diski hizo huweka kumbukumbu ya pili ndani yao, inayoitwa FARM. Programu ya smartctl inaweza kuisoma. Kama wajanja walifanyia Wajerumani, usijione.

Na tafadhali, ile flashi ya "terabaiti 2" ya shilingi elfu moja haina terabaiti 2. Imefundishwa kudanganya. Unajaza vizuri, siku ya kufungua unapata majina ya mafaili bila mafaili. H2testw itakuonyesha ukweli.

CHAMA CHA DISKI

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hivyo nitaenda polepole.

Ukiunganisha diski kwa njia ya kawaida ya RAID 5, mfumo unazitaka zifanane. Ukiwa na ya terabaiti 4, ya 2 na ya 1, kila moja inahesabiwa kama ya 1, na unabaki na terabaiti 2 za kutumia. Ni kama kulipa nyumba ya vyumba vinne uishi kwa kimoja. TrueNAS, ambayo hutumia ZFS, ni imara sana na siiongelei vibaya. Lakini hadi OpenZFS 2.3 ilipotoka Januari 2025, hukuweza kuongeza diski moja tu kwa kundi la RAIDZ ulilokuwa umeshajenga. Ni vitu vilivyobuniwa na watu wanaonunua kwa katoni.

Kwa sisi wa kununua moja moja kuna njia nyingine: mergerfs na SnapRAID. Zote ni za bure, na zinaingia kwa OpenMediaVault, mfumo wa bure unaokaa juu ya Debian, ambao unaendesha kwa kubonyeza tu kwenye brauza.

Mergerfs inachukua diski zako zote, hata kama hazifanani, na kukuonyesha kama kapu moja. Wewe unaona folda moja kubwa. SnapRAID ndiyo ulinzi, na inafanya kazi kama daftari la mweka hazina wa chama. Tuseme Wanjiku ametoa 300, Otieno 500, Halima 200. Daftari linaandika jumla, 1,000. Karatasi ya Otieno ikiraruka, huhitaji kumuuliza. Toa 300, toa 200, unabaki na 500. Diski moja inashika hiyo "jumla" ya zile nyingine. Diski moja ya data ikifa, unanunua nyingine, na hesabu inairudishia vitu vyake.

Sharti ni moja: diski ya daftari lazima iwe kubwa sawa na ile kubwa zaidi ya data, ama iipite. Zile diski tatu za 4, 2 na 1, ukifanya ya 4 kuwa daftari, unapata terabaiti 3 za kutumia badala ya 2. Ukiongeza nyingine ya 4 mwezi ujao, una 7. Mwaka kesho ukipata ya 8, hiyo inakuwa daftari, na daftari la zamani linashuka kuwa nafasi ya kawaida. Hakuna kinachotupwa. Ghorofa juu ya ghorofa.

Na kuna huruma ndani yake. Kwa RAID 5, diski mbili zikifa pamoja umepoteza kila kitu. Kwa SnapRAID yenye daftari moja, umepoteza zilizofa tu. Zilizobaki unazichomoa, unazichomeka kwa kompyuta yoyote ya Linux, na mafaili yako pale yamekaa kama kawaida.

Lakini daftari haliandiki lenyewe kila sekunde. Linaandika ukiamrisha, ama ukipanga liandike kila usiku. Kilichoingia baada ya hapo hakina ulinzi bado. Kwa hivyo hii si njia ya kuhariri video juu yake. Hariri kwa laptopu, kazi ikiisha ipeleke kwa seva ilale. Picha, video mbichi, nyimbo zilizokamilika, vitu vinavyowekwa na kuachwa, hapo ndipo inang'aa.

STIMA, TOKENI NA USIKU

Mashine yangu na diski mbili inakula kama wati 30. Ikiwaka mchana na usiku mwezi mzima, hiyo ni uniti 21.6. Kwangu uniti moja na makato yake yote huzunguka shilingi 28, kwa hivyo ni kama 600 kwa mwezi.

Lakini kuna mtego ambao video za ng'ambo haziwezi kukuambia. Kwa bei za stima zilizoanza Aprili 2023, kundi la chini kabisa la nyumba ni la hadi uniti 30 kwa mwezi. Mtu wa bedsita anayetumia uniti 20 akiongeza 21, anahama kundi, na sasa hata taa na pasi zinalipiwa bei ya juu. Seva imempandishia kila kitu.

Jibu ni rahisi: zima. Nani alisema seva lazima ikeshe kama soja wa geti? Yangu inaamka saa kumi na mbili jioni na kulala saa nane usiku. Nikiingia kwa nyumba simu inashusha picha zenyewe kupitia Immich, daftari linaandika, halafu inajizima. Saa nane kwa siku ni uniti 7.2 kwa mwezi, shilingi 200. Siku ya kazi kubwa naiwasha kwa mkono. Na kwa sababu stima yetu ina tabia zake, tafuta UPS iliyotumika uiwekee betri mpya, ndio izime kwa adabu.

NAKALA YA USHAGO

Daftari la chama halisaidii ofisi ya chama ikiungua. Mwizi akibeba mashine, amebeba na diski ya data na diski ya daftari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia nyumba za watu Nairobi bila kuuliza ndani kuna nini. Kwa hivyo ile kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh bado inashika: nakala tatu, aina mbili za mahali pa kuhifadhi, na moja nje ya nyumba.

Nje ya nyumba kwangu ni ushago. Ile diski ya USB ina vitu visivyorudi tu: video za wateja, picha za familia, sauti za shosho. Sinema siweki, sinema zitapatikana. Nikienda nyumbani Aprili ama Desemba naibeba imefungwa kwa LUKS, ndio hata ikiibiwa kwa matatu asione mtu picha za wateja wangu. Ninaiweka kwa kabati ya mathe, kati ya vyombo vya wageni ambavyo hakuna anayeruhusiwa kugusa. Huko ni salama kuliko benki. Kama huna ushago, badilishana diski na rafiki wa mtaa mwingine. Weka yake, aweke yako.

Na usifungulie seva yako mlango wa intaneti ovyo. Januari 2022 virusi vya kudai fidia vilivyoitwa Deadbolt vilifungia watu wengi mafaili kwenye vifaa vya kuhifadhi vya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi kwa intaneti. Ukitaka kuifikia ukiwa nje, tumia Tailscale. Ama ngoja ufike nyumbani.

WALE WATASEMA

Watasema, "Si ulipe tu klaudi, mambo mengi ya nini?" Sawa. Kama vitu vyako vyote ni gigabaiti 50 na mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lipa klaudi, ulale. Nasema na yule ambaye simu yake imejaa tangu mwaka jana, anayefuta harusi ya jana ili ashuti ya leo.

Watasema, "Mimi si mtu wa kompyuta." Mimi pia sikufundishwa hii darasani. Kuweka OpenMediaVault ilinichukua wikendi moja. Kama unaweza kumtengenezea mtu video ya dakika moja yenye matabaka kumi na mbili ya sauti, huwezi kushindwa na kubonyeza "endelea".

Na watasema, "Nitafanya nikipata pesa ya kufanya poa." Hawa ndio wananiuma, kwa sababu diski za simu zao zinaendelea kujaa, na kila mwezi wanafuta kitu. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyejenga kwa kungoja pesa ya nyumba nzima. Angekuwa bado anapanga.

Nunua mashine yenye nafasi, hata diski iwe moja. Ukiwa na moja, usifute kule ulikotoa. Ya pili ikija, anzisha daftari. Ya tatu, peleka ushago. Na kabla ya yote hayo, leo jioni, ingia kwa simu yako utafute sauti ya mtu mzima wa kwenu akiongea. Kama hakuna, mpigie umrekodi akikuambia chochote. Kama iko, inakili mahali pa pili kabla ya kulala.